Kushoto Kulikohamia Kulia

Hapo zamani, lakini si zamani ya wafalme na majini. Zamani ya juzi, kompyuta zilipokwisha fika Mwanjelwa na umeme bado ukikatika unavyotaka, palikuwa na vijana wanne mjini Mbeya. Sogeeni karibu, maana kesi yao haijahukumiwa. Imewashinda wenyewe, ndiyo maana nimewaletea ninyi.

Wa kwanza Lusajo, mwenye maneno. Wa pili Gwamaka, mwenye mikono. Wa tatu Sekela, mwenye macho. Wa nne Tusajigwe, mwenye masikio.

Walikuwa na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya maduka ya mitumba, kompyuta moja, na gemu moja. Gemu lenyewe lilikuwa la kuwindana ndani ya jumba lenye giza. Wawili wanaingia, kila mmoja kwa mlango wake, na anayemwahi mwenzake kwa risasi ndiye mshindi. Ndani ya jumba lile, kuona ni mwisho wa habari; kwanza unasikia. Ubao unalia kushoto, unageuka kushoto. Mlango unalia kulia, unageuka kulia. Asiyesikia hufa akitazama ukuta.

Tusajigwe alisikia. Alisikia hata kupitia spika kuukuu za chumba kile, zilizokuwa zikikoroma kama mgonjwa.

Likaja tangazo. Mashindano ya miji ya Nyanda za Juu. Kila mji mchezaji mmoja. Atakayeshinda atakwenda Dar es Salaam kusomea utengenezaji wa gemu mwaka mzima, bila ada. Tusajigwe alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuishia kwenye kibanda cha vitunguu cha shangazi yake. Alikuwa ameomba nafasi ya kusoma kila mahali, na kila mahali wamemkatalia. Ilibaki hii.

Wakakaa kuchagua vifaa, na hapo ndipo ubishi ulipoanza.

"Hedifoni kwanza," akasema Lusajo. "Nimeziona Tunduma. Zinawaka taa nyekundu pembeni. Ukizivaa, unakuwa kama rubani."

"Taa inasikika?" akauliza Tusajigwe.

"Haisikiki, dada, lakini inatisha."

"Basi kamvalishe mbuzi, awatishe mbuzi wenzake. Mimi niletee zinazofunika sikio zima, zisizobana, na zinazonionyesha hatua inatoka upande gani."

Gwamaka akatikisa kichwa. "Hata ukileta za dhahabu, kwenye kompyuta hii zitakusikilizisha feni tu. Umeme unavuma, feni inavuma, vyote vinaingia masikioni. Tunahitaji kadi ya sauti, ile ya nje, ya kuchomeka. Inasafisha sauti kabla haijafika kwenye hedifoni."

"Kadi ya sauti, kadi ya sauti," Sekela akamkata. "Anayeziuza si mjomba wako?"

"Anauza, ndiyo. Angekuwa anauza chumvi, mngekula chakula kisicho na chumvi?"

Walicheka, lakini Sekela aliacha kucheka kabla ya wenzake.

Wakagawana kazi. Lusajo achague hedifoni. Gwamaka alete kadi na kuifunga. Sekela akague kila kitu siku ya mashindano. Tusajigwe acheze. Kisha wakaweka viganja juu ya meza, kimoja juu ya kingine, wakaapa: "Atakayetuangusha atatoka chumba hiki, na hatarudi."

Lusajo akaenda Tunduma. Akaziacha zile za taa, akachukua nyeusi, nzito, laini, zenye kipaza sauti kwenye sikio la kushoto. Muuzaji akamwambia, "Jaribu kabisa, kijana, usije kesho ukasema nimekuuzia makopo." Lusajo akazijaribu kwa wimbo. Wimbo ukawa mtamu, besi ikamtekenya mpaka kifuani, akalipa. Njiani, gari liliposimama Vwawa, akazivaa tena na kuangalia video ya pikipiki kwenye simu. Kwenye kioo pikipiki ilitoka kushoto kwenda kulia. Masikioni ilitoka kulia kwenda kushoto. Akazivua, akazigeuzageuza. Herufi za kushoto na kulia zilikuwa mahali pake, na kipaza sauti mahali pake. Waya za ndani ndizo zilizopishana. Akasema moyoni: nikiwaambia, watasema muuzaji kanipa changu pembeni ili ninunue mbovu. Kisha akasema: huenda video ndiyo mbovu.

Akanyamaza.

Gwamaka akaleta kadi, akaifunga, akavaa hedifoni kupima. Hatua za kushoto zikalia kulia. Akachomeka vipokea sauti vyake vidogo vya simu. Hatua za kushoto zikalia kushoto. Akajua ubovu uko wapi. Akasema moyoni: nikifungua mdomo, Sekela atasema ni kadi ya mjomba. Basi akaingia kwenye mipangilio ya kadi, akaiambia kushoto iwe kulia na kulia iwe kushoto. Kosa likakutana na kosa, sauti ikanyooka. Tusajigwe akazivaa, akafumba macho, akatabasamu. "Hizi," akasema, "ni kama mtu ametoa pamba masikioni mwangu."

Gwamaka angeweza kumwambia pale pale.

Akanyamaza.

Mechi za mchujo zilichezwa kwa mtandao, kila mji chumbani kwake, na Tusajigwe akazishinda. Ikafika Jumamosi ya fainali. Kila timu ilibeba kompyuta yake mpaka ukumbi mmoja wa Sokomatola, pale pale Mbeya, ikaipanga juu ya meza. Mpinzani wa Mbeya katika fainali alikuwa Mgaya wa Njombe, kijana mpole, ndani ya sweta mbili. Sekela akaanza ukaguzi wake. Akavuta waya moja moja, akabonyeza plagi moja moja. Alipoinua macho, akamwona Gwamaka dirishani, nje, akicheka na watu wa Njombe. Mmoja wao alimpiga bega.

"Anacheka nini na hao?" Sekela akajiuliza.

Akakaa. Akafungua mipangilio ya kadi ya sauti. Akaona: kushoto kumewekwa kulia, kulia kumewekwa kushoto. Kumbe ndicho alichokuwa akichekea! Akarudisha kushoto kushoto, na kulia kulia. Hedifoni zilikuwa pale, karibu na kiwiko chake, hakuzivaa. Kitu cha masikio alikikagua kwa macho. Akasema moyoni: nikimkabili sasa atakana, wacha tushinde, nitazame uso wake ukibadilika.

Akanyamaza.

Fainali ilikuwa ya raundi tatu. Raundi ya kwanza, Tusajigwe akasikia ubao kulia. Akageuka kulia: ukuta. Risasi ikamjia kutoka kushoto. Ukumbi ukaguna. Akasikiliza mlio wa mlango, akautazama mlango wenyewe kwenye kioo. Akaelewa. Dunia imegeuzwa.

Sasa sikieni vizuri. Sheria ilimruhusu mchezaji kuinua mkono, mwamuzi akasimamisha mchezo, vifaa vikatazamwa. Mkono wa Tusajigwe ulishaanza kupanda. Akageuka nyuma kuwatazama wenzake. Lusajo anatazama sakafu. Gwamaka anatafuna kucha. Sekela hatazami mchezo kabisa, anamtazama Gwamaka. Akasema moyoni: ni mmoja wao, na nikiinua mkono, huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kukimbilia kurekebisha, nami nitamshukuru bila kumjua; nikiendelea kucheza, uso wake utamsaliti. Tena Mgaya huyu nitamfunga hata kinyumenyume.

Akanyamaza. Mkono ukashuka.

Raundi ya pili alicheza kwa hesabu za kichwani. Sikio likisema kushoto, anakwenda kulia. Sikio likisema kulia, anakwenda kushoto. Akamnasa Mgaya kwenye ngazi. Ukumbi ukalipuka, watu wakapanda juu ya viti.

Raundi ya tatu ilikuwa ndefu. Wakatafutana, wakakwepana, jumba likawa kimya. Kisha hatua zikaja mbio, karibu sana. Kichwa hakikupata muda wa kugeuza. Mkono ulifuata sikio, kama ulivyozoea maisha yake yote.

Mgaya akashinda.

Akavua hedifoni zake, akauliza kwa sauti, bila ubaya wowote, "Jamani, mimi nilikuwa kushoto kwake, nakanyaga kama ng'ombe. Huyu anageukia kulia. Vipi tena?"

Na ukumbi ukamjibu. "Kauza! Kauza mechi huyo!"

Mgaya akaenda Dar es Salaam. Tusajigwe akarudi kwenye vitunguu. Jioni ile ile shangazi yake akaulizwa na wateja, na shangazi akamuuliza yeye, "Mwanangu, ni kweli wanayosema?" Akaendelea kupanga vitunguu.

Kesho yake mchana, wanne wakakutana chumbani. Hakuna aliyekaa.

"Naanza mimi," akasema Sekela. "Gwamaka, uliongea nini na watu wa Njombe?"

"Waliniomba waya wa kuunganishia umeme. Wa kwao ulikuwa mfupi."

"Na kwa waya mnapigana mabega?"

"Sekela, ulitaka nitukanane nao?"

"Nilitaka usiguse mipangilio! Niliona kwa macho yangu. Uligeuza kushoto na kulia. Kana!"

"Sikani," akasema Gwamaka. "Niligeuza." Uso ukambadilika. "Uliona lini?"

"Asubuhi, kabla ya mchezo."

"Ukafanyaje?"

Sekela akaitazama kompyuta. "Nilirudisha."

Gwamaka akashika kichwa. "Mungu wangu. Ni wewe!" Akazichukua hedifoni, akamvika Sekela kichwani, akabonyeza mlio wa hatua za kushoto. "Unasikia wapi?"

Sekela akanyoosha kidole polepole. Kulia.

Macho yote yakamgeukia Lusajo.

"Msinitazame hivyo," akasema Lusajo. "Kiwandani ndiko walikokosea, si mimi."

"Ulizijaribu?" Tusajigwe akauliza.

"Nilizijaribu. Kwa wimbo." Akazitazama hedifoni. "Na kwa pikipiki. Vwawa."

"Pikipiki ikasemaje?"

Lusajo akachora kwa kidole hewani, kutoka kulia kwenda kushoto.

"Lakini na wewe, Tusa," akasema Sekela, "ungezigeuza tu kichwani! Sikio la kulia ulivae kushoto. Mtoto mdogo angefanya."

"Kipaza sauti kikae upande usio wake, ukumbi mzima uone? Mwamuzi angeuliza, na aliyefanya hayo angejua nimegundua."

"Ulijua?" wote watatu wakauliza kwa pamoja.

"Tangu raundi ya kwanza."

Nje mama wa mitumba alikuwa akikung'uta sweta, puu, puu, puu.

Kisha kila mmoja akajitetea, na utetezi wao ndio huu.

Lusajo akasema: "Sikuwa peke yangu. Nilileta kitu kibovu, lakini kibovu changu Gwamaka alikitibu. Siku zote mlizofanya mazoezi hakuna aliyelia kwa ajili ya hedifoni zangu. Dawa mliiondoa ninyi wenyewe. Mimi nitokeje?"

Gwamaka akasema: "Mimi ndiye pekee niliyetengeneza kitu humu chumbani. Mngeniacha, Tusajigwe angekuwa Dar. Nilificha, ndiyo. Lakini nilificha kwa sababu humu ndani mtu hawezi hata kutaja kadi ya sauti bila kuulizwa habari za mjomba wake. Nimfukuzwe kwa kutibu?"

"Nifukuzwe," Lusajo akamsahihisha. "Hata kusema kumekushinda."

"Wewe nyamaza. Ulishazoea."

Sekela akasema: "Mlinipa kazi ya kukagua. Nikakagua. Nikakuta kushoto kumeandikwa kulia, mlitaka niache vile vile? Mimi sikuvunja kitu, nilinyoosha. Mtu angeniambia neno moja tu, moja, nisingegusa. Kweli nilimshuku Gwamaka. Lakini nilichokiona kilikuwapo, sikukiota."

Tusajigwe akasema mwisho. "Aliyepoteza ni mimi. Nafasi ilikuwa yangu, jina lililochafuka ni langu, na mtaa mzima unaniita muuza mechi. Ninyi mnabishana nani atoke, mimi nilishatolewa. Mnanifukuza mara mbili?"

"Lakini wewe peke yako ndiye uliyekuwa na mkono wa kuinua," Sekela akasema taratibu. "Sisi kila mmoja alijua nusu. Wewe ulijua mchezo ukiwa bado haujaisha."

Tusajigwe akamtazama. "Ningewainulia mkono watu gani, Sekela? Wale niliodhani wameniuza?"

Hapo ndipo walipokwama. Kiapo ni kiapo: aliyewaangusha atoke, asirudi. Na wasipomtaja mtu, mtaa umekwisha kumtaja Tusajigwe, naye ataondoka na jina hilo.

Basi nawaachia ninyi. Msiniambie wote watoke, maana chumba kitabaki na kompyuta peke yake. Msiniambie wote wabaki, maana waliapa, na Tusajigwe anataka jina lake. Yuko aliyeleta kosa akalificha. Yuko aliyelitibu kosa akaificha dawa. Yuko aliyeifuta dawa akidhani ni sumu. Yuko aliyeionja sumu akaendelea kuinywa ili amjue aliyeitia.

Nje baridi ya Mbeya imeshuka na mvua inanyunya. Mlangoni kuna misumari minne, na kwenye kila msumari limetundikwa koti. Wanne wamesimama, kila mmoja akilitazama la mwenzake.

Je, wenzangu, ni nani anayestahili kuvaa koti lake na kutoka?