Wazee Waliosukuma Mkokoteni Wakiwa Ndani

Asiyeshuka hasukumi.

Mmeisikia asubuhi kisimani, Mama Holo alipomwambia mwenyekiti wa kikundi chenu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akiwaamuru wenzake wachimbe kwa nguvu zaidi. Mmecheka, naye amenuna. Sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Imetoka kwenye tope, wajukuu zangu, na mimi nilikuwepo. Siku hiyo nilikuwa nimeshika fimbo ya maksai, na mpaka leo nikiikumbuka kichwa kinaniuma.

Kaka yangu Lugembe alimpenda Nshoma, binti wa kijiji cha ng'ambo ya mbuga. Nshoma naye alimpenda. Hilo nalijua kwa sababu alikuwa rafiki yangu, na hakuwa mtu wa kuficha mambo. Lakini ulikuwepo ukoo mwingine uliomtaka binti huyohuyo. Baba yake, mtu wa neno moja, alichoka kusumbuliwa kila wiki, akatuma ujumbe kwa pande zote mbili: "Alhamisi nitakuwa nyumbani. Washenga watakaotangulia kuingia uani kwangu ndio nitakaowapa binti. Sitaki maneno zaidi."

Basi Alhamisi alfajiri tukafunga maksai wawili kwenye nira. Kaka hakuruhusiwa kwenda kujiposea, kwa hiyo kazi ya kuongoza mkokoteni nilipewa mimi, dada yake, kwa kuwa ndiye niliyelima na maksai wale msimu mzima. Washenga walikuwa baba zetu watano. Mkubwa wao alikuwa Baba Mkubwa Bulugu, mtu mzito, mkimya. Mwenye maneno mengi alikuwa Baba Mdogo Jidayi, aliyeweza kubeba gunia la mpunga peke yake na asikuache usahau. Wote walivaa makoti na viatu vya ngozi.

Kabla hatujaondoka Lugembe alinivuta kando. "Nyamizi," akaniambia, "wafikishe tu. Mengine sitakuomba."

Nikamwambia nitawafikisha.

Sasa lazima mjue jambo moja. Katika ukoo wetu siku hizo kulikuwa na mwiko. Mshenga akishapanda mkokoteni nyumbani, hakanyagi ardhi mpaka afike uani kwa wakwe. Akikanyaga njiani, ilisemekana, posa huanguka palepale. Nani aliuanzisha mwiko huo, hakuna aliyejua. Mimi nadhani alikuwa mzee mmoja mvivu wa kutembea.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Tulipofika katikati ya mbuga, kwenye ule udongo mweusi unaonata kama ulimbo, gurudumu la kulia likazama. Nikawahimiza maksai. Wakainama, wakavuta, wakatetemeka magoti. Mkokoteni haukutoka. Nikawageukia wazee.

"Baba zangu, shukeni kidogo tusukume."

Walinitazama kana kwamba nimewatukana.

"Kushuka ni mwiko," akasema Jidayi. "Lakini hatutakuacha peke yako, mwanangu. Tutasukuma."

Nikafurahi. Nikadhani wamepata njia nyingine. Kumbe! Wazee watano wakasimama ndani ya mkokoteni, wakavua makoti, wakaweka mikono kwenye ubao wa mbele, wakaikaza miguu kwenye sakafu ya mbao, na wakaanza kusukuma kwa nguvu zao zote. Walikuwa wakitoka jasho. Mkokoteni ukayumba, ukalia kwii kwii.

"Unasogea!" akapiga kelele Jidayi. "Ongezeni!"

Nikachukua kijiti, nikakichomeka ardhini mbele ya gurudumu, shibiri moja tu. "Ukisogea," nikasema, "gurudumu litakigusa hiki."

Wakasukuma tena. Nikapima. Ilikuwa shibiri ileile. Kilichobadilika ni kwamba gurudumu lilikuwa limezama zaidi kwa sababu ya kurukaruka kwao.

"Haujasogea, baba."

"Umesogea," akasema Jidayi. "Kijiti ndicho kilichorudi nyuma."

Mungu ananisikia, ndivyo alivyosema. Nikakichomoa, nikakata kingine kirefu, nikakizamisha mpaka nusu mbele ya macho yao. Wakasukuma, shibiri ikawa ileile. Hapo wakaanza kutafuta sababu. Mmoja akasema tusukume kwa wimbo, wakaimba, hakuna kitu. Mwingine akasema wote wahamie kulia, wakahamia kulia, hakuna kitu. Wa tatu akasema kuna mtu anajifanya anasukuma, wakaanza kutazamana misuli ya mikono. Kisha wote wakakubaliana kwamba maksai wangu ni wavivu, na kwamba kumpa msichana fimbo kulikuwa kosa tangu mwanzo.

Jua lilikuwa linapanda. Nami nilikuwa tope mpaka mapajani, nasukuma gurudumu peke yangu huku nikisikia wimbo juu ya kichwa changu.

Ndipo wakatokea watu wanne nyuma yetu, wanatembea kwa miguu. Walikuwa wamekunja suruali mpaka magotini, na viatu vyao wamevifunga kamba na kuvining'iniza shingoni. Niliwatambua mara moja. Walikuwa washenga wa ule ukoo mwingine.

"Mwangaluka, wazee!" akatuamkia aliyetangulia. "Mbona mmesimama?"

"Hatujasimama!" akajibu Jidayi akihema, mikono bado iko kwenye ubao. "Tunasukuma!"

Yule mtu akamtazama yeye, akautazama mkokoteni, akanitazama na mimi chini ya gurudumu. Midomo yake ikacheza.

"Haya," akasema. "Sukumeni." Wakapita.

Nilitaka kulia. Wajukuu zangu, nilitaka kukaa kwenye tope lile nilie. Na mnajua Jidayi alisema nini? Alisema, "Wanatupita kwa sababu hatujasukuma kwa umoja."

Nikaenda nyuma ya mkokoteni, nikachukua ndoo ya bati ya kunyweshea maksai, nikaipandisha juu, nikaiweka miguuni pake.

"Baba Mdogo, wewe unabeba gunia la mpunga peke yako."

"Nalibeba."

"Basi ingia humu ndani ya ndoo kwa miguu yote miwili. Shika mshikio wake. Jinyanyue."

"Huu ni utoto."

"Jinyanyue hata unene wa kidole, na mimi sitasema tena neno mpaka nife."

Zawadi hiyo iliwavutia wote. Jidayi akaingia ndani ya ndoo, akainama, akashika mshikio, akavuta. Mishipa ya shingo ikamtoka. Akavuta mpaka mshikio ukachomoka upande mmoja, naye akaanguka kitako juu ya mapaja ya ndugu zake. Wakacheka, ila Bulugu peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama ndoo.

"Kwa nini?" akaniuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Kwa sababu kadiri anavyouvuta mshikio juu, ndivyo miguu yake inavyoikandamiza ndoo chini. Mkono unatoa, mguu unanyang'anya. Nanyi ni hivyohivyo, baba. Mikono yenu inausukuma ubao uende mbele. Miguu yenu inaisukuma sakafu irudi nyuma. Ubao na sakafu ni mkokoteni mmoja. Umsikilize nani?"

"Na wewe ukisukuma?"

"Miguu yangu inasukuma ardhi. Ardhi haimo ndani ya mkokoteni."

"Na maksai?" akadakia Jidayi, anajisugua kiuno.

"Maksai nao wako chini, Baba Mdogo! Umewahi kuona maksai wakivuta mkokoteni wakiwa wameupanda?"

Mmoja wao akasema polepole, "Ni kweli. Lakini mwiko ni mwiko. Tukikanyaga, posa itaanguka hapa."

"Itaangukaje hapa," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya adabu tena, "wakati mnaiona ile posa ya wenzenu, inatembea mbele yenu na viatu shingoni?"

Bulugu akainua macho. Wale wanne walikuwa wamekuwa wadogo kama kunguru, karibu kufika ukingo wa mbuga. Akawatazama kwa muda. Kisha akaketi, akafungua kamba za kiatu cha kulia, halafu cha kushoto, akaviweka juu ya koti lake. Akashuka. Tope likamfika kwenye mashavu ya miguu, naye akafumba macho kama mtu anayesubiri kupigwa.

Hakuna kilichompiga.

"Jidayi," akasema, "njoo upande huu."

Wakashuka wote. Mkokoteni ukainuka kidogo kwa kupungukiwa na uzito wao tu, kabla hata hatujaugusa. Tukaegemeza mabega, nikawahimiza maksai, na kwa msukumo wa pili gurudumu likatoka, likakilaza kijiti changu, likaenda. Mara mbili tu, baada ya asubuhi nzima ya nyimbo!

Njia yote iliyobaki hawakupanda tena. Walikimbia kando ya mkokoteni, watu wazima wale, wameshika suruali zao.

Tulipoingia uani, wale wanne walikuwa wamekwisha nawa miguu na wanakula. Baba yake Nshoma akasimama, akatupokea kwa heshima. "Karibuni, ndugu zangu, mnawe, mle. Lakini neno langu nimeshalitoa."

Nshoma alikuwa kwenye mlango wa jiko. Alinitazama, mimi na matope yangu, kisha akaingia ndani. Hatukuzungumza tena kwa miaka mingi.

Tulirudi nyumbani alasiri. Lugembe alikuwa anatusubiri njiani. Alituona nyuso, akajua, lakini aliuliza hata hivyo, "Mlichelewa wapi?"

"Tope la mwaka huu, mwanangu," akaanza Jidayi, "na maksai hawa—"

"Nyamaza, Jidayi," akasema Bulugu.

Akaketi chini kabisa, ardhini, kando ya kaka yangu. Sijawahi kumwona mzee wa ukoo wetu akiketi chini kando ya kijana hivyo.

"Tope lilikuwa la kawaida," akamwambia. "Maksai walikuwa wazima. Dada yako alitwambia mapema la kufanya. Tulikuwa wanaume watano, mikono kumi, na yote ilisukuma mpaka ikauma. Sikudanganyi, tulisukuma."

"Mlisukuma nini, baba?"

Bulugu akainamisha kichwa.

"Tulijisukuma wenyewe kwa wenyewe. Asiyeshuka hasukumi, mwanangu. Nisamehe."