Kitenzi Kilichoinua Mwamba

Hapo kale mji wa Mirindani ulitawaliwa na Sultani Mukadamu bin Harithi, na mji huo ulijaliwa neema zote ila bahati, kwa maana jini mmoja kutoka nchi ya Waingereza alikuja akaifunika chemchemi yao ya pekee kwa mwamba mkubwa kama msikiti, kisha akauketia, na visima vikakauka na mifugo ikaanza kufa. Naye alikuwa amefungwa kwa kiapo cha kale, atii kila amri atakayopewa kwa Kiingereza, mradi iwe amri kweli, na amsemeaye uongo amwadhibu.

Sultani akaenda kwa fahari, akamwuliza kwa Kiingereza cha adabu kama angeweza kuuinua mwamba ule. Jini akajibu, "Naweza," akabaki ameketi. Waziri Badawi akasema, "Sisi twataka uuinue," na jini akasema, "Nimesikia mtakalo," akapiga miayo. Ndipo akapelekwa Faki, tarijumani wa kasri, mtu wa elimu na haya nyingi, aliyeona kumwagiza mgeni bila kumtaja ni kumrushia mbwa mfupa. Akasema, "You lift the rock," akikusudia, wewe, inua mwamba.

Jini akawaka. "Wasema mimi huinua mwamba? Siinui. Umenizulia." Akampulizia, na Faki akageuka kasuku.

Binti yake Mwanatumu, aliyefundishwa naye lugha ile tangu utotoni, akamrudisha nyumbani begani, na kasuku hakuwa na neno jingine kutwa kucha ila lile lile, "You lift the rock." Mwanatumu akalia mpaka macho yakavimba, maana mama hakuwa naye tena, na baba ndiye huyo sasa adonoa mtama. Lakini wimbo wa kila siku mwisho mtu huyajua maneno yake, naye akatambua kwamba kilichomponza baba ni adabu. Kwetu ukisema "wewe, inua," amri hubaki amri. Kwao ukitanguliza "you" umesimulia tu. Amri yao ni kitenzi kitupu, hakina mtendaji mbele wala "ni" ya wingi nyuma.

Akaingia kwa Sultani, akainama. "Bwana wangu, niruhusu nikaseme naye."

"Mwanangu, baba yako alikushinda kwa elimu, na leo ana mkia."

"Ndiyo, bwana wangu, nami nataka umtoke."

Basi wakatoka, na Jaafari mwana wa Sultani akambebea kasuku wake, na mji mzima ukafuata. Mwanatumu akaimeza haya yake yote, akasema, "Lift the rock."

Jini akasimama papo hapo, mwamba kiganjani, na maji yakafoka na watu wakayakimbilia kwa mitungi na kwa viganja. Lakini mwamba ulikuwa juu ya vichwa vyao, na Waziri Badawi, akichelea sifa zisimpite, akapaza sauti, "No, drop!" Yeye alidhani amekataza. Jini alisikia hapana, halafu angusha, na vidole vyake vikaanza kufunguka.

"Do not drop it," akasema Mwanatumu, kila neno mahali pake, maana katazo lao hutaka "do" na "not" zishikane mikono ndipo kitenzi kifuate. Vidole vikafumbana. Akamwamuru aupeleke jangwani, ukapelekwa. Akamwamuru amrudishe baba yake, na manyoya yakapukutika, akasimama Faki na kilemba chake upande.

"Mwanangu," akasema Faki, "nani kakufunza kusema hivyo na mkubwa?"

"Wewe, baba, begani kwangu."

Kisha akamtazama jini, akamwonea huruma, akamwambia aende kwao. Jini akalia, kwa maana tangu afungwe hakuna aliyemwagiza jambo la kumfaa mwenyewe, akatoweka akishukuru.

Sultani kwa furaha akamwambia mwanawe, "Mwoe," na akamwambia Mwanatumu, "Olewa naye."

Mwanatumu akainama. "Bwana wangu, amri huinua mwamba, lakini moyo huulizwa."

Jaafari, uso umemwiva kwa haya, akauliza, "Je, utaridhia?"

"Nimeridhia."

Ikafanywa harusi iliyoshibisha hata wapita njia, na Faki akapewa mashamba na hazina, na Waziri Badawi akaketishwa darasani kwake pamoja na watoto. Nawe uliyesikia, shika hili: kila neno lina mlango wake, na ukibisha kwa jirani usimlaumu mwenyeji kwa kutokuitika.