Nafasi Moja Kwenye Kliniki ya Figo

Sogeeni karibu, na mwenye hukumu ya haraka akae nyuma kabisa.

Palikuwa na wahitimu watatu wa kompyuta, chuo kimoja, joho moja. Gwakisa alikuwa na kichwa: alichofundishwa mara moja hakikumtoka. Asnath alikuwa na masikio: mitihani ilimpiga chenga, lakini alijua kukaa na watu wa kazi mpaka akaelewa wanachohitaji. Na Tunu, ambaye ndiye tutakayemfuata, alikuwa na ulimi usiojua kudanganya. Mama yake alizoea kusema ulimi huo utamkosesha chakula.

Walizunguka na vyeti mpaka soli zikaisha, ndipo wakapokewa kwa majaribio kwenye kliniki ya figo, ambako mashine husafisha damu na kutoa maji yaliyozidi mwilini. Dakta Mbilinyi, mwenye kliniki, aliwaambia mapema: nafasi ni moja. Kila asubuhi Tunu aliomba iwe yake. Nyumbani wadogo zake walishaacha kumuuliza ataajiriwa lini, na ukimya ule ulimuumiza kuliko maswali.

Sasa, chuoni kwao kulikuwa na desturi. Kila Jumatatu kompyuta za maabara zilifutwa zote, wanafunzi wakaanza upya. Ukiharibu, si neno, futa! Shahada nzima hakuna kilichoharibika kikabaki kimeharibika. Basi asubuhi moja Tunu alitaka kuwafuta wagonjwa wa kubuni aliokuwa akijifunzia. Akaiamuru kompyuta ifute wote, kama alivyozoea. Ikatii. Kumbe hakuwa kwenye ghala la data la mazoezi. Alikuwa amewafuta wagonjwa wa kweli: uzito wao, dawa zao, na kiasi cha maji ambacho mashine imtoe kila mmoja. Nakala ya akiba ilikuwa ya zamani mno.

Kwenye benchi Mzee Kayombo alikuwa amevimba miguu, anahema.

"Sista, mbona hatuanzi? Mimi leo nisipounganishwa, kesho siioni."

"Mtandao unasumbua, mzee wangu," akajibu Sista Edina, huku akiendelea kuandika kwenye kompyuta.

Tunu alisikia, naye alishajua alichofanya. Angenyamaza, nani angejua? Umeme ungelaumiwa, na umeme wetu umeshazoea lawama. Lakini mficha maradhi kifo humfichua.

"Si mtandao. Ni mimi," akasema mbele ya wote. "Nimewafuta." Akaeleza kila alichoamuru, huku machozi yakimtoka.

Gwakisa akakumbuka mhadhara ambao darasa zima lilisinzia: kinachofutwa hakiondoki papo hapo, hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

"Sista, toa mikono! Asiandike mtu!"

Tunu akamwonyesha pa kutafuta, naye Gwakisa akawarudisha wagonjwa mmoja mmoja. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Siku ile yalizoleka.

Wauguzi wakakimbilia mashine kwa furaha. Asnath akasimama mlangoni, orodha mkononi.

"Bado! Mzee, uzito huu ni wako?"

"Huo wa zamani, binti, kabla sijakonda."

Kumbe vilivyorudi vilichanganyika, vipya na vikuukuu. Kwa uzito ule mkubwa mashine ingemtoa maji kidogo mno; mzee angeunganishwa na bado angebaki na maji yake mwilini. Asnath akawaketisha wauguzi, wakapima na kuuliza upya, mgonjwa kwa mgonjwa, ndipo mashine zikawashwa.

Jioni, hakuna aliyekufa. Dakta Mbilinyi akawaita. "Nafasi bado ni moja."

"Mimi ndiye niliyewarudisha," akasema Gwakisa.

"Ungewarudisha ukawaua," akasema Asnath.

Daktari akamgeukia Tunu. "Na wewe?"

"Daktari, nisingesema, wangekuwa wanakagua nyaya mpaka sasa. Lakini nisingefuta, tusingekuwa hapa. Naihitaji kazi hii kufa na kupona. Sijui kama naistahili."

Kabla Daktari hajajibu, Mzee Kayombo akapita mlangoni akielekea nyumbani, ameshika ukuta. Akawatazama wote watatu.

"Keshokutwa narudi kwenye mashine," akasema. "Nitamkuta nani?"

Haya, wenzangu, mjibuni mzee ninyi: amkute aliyekumbuka, aliyehakikisha, au aliyekiri? Na mkishachagua, nani kati yenu atakwenda kuwaambia wale wawili waliobaki?