Jina la Mjukuu wa Mama Otilia

Hapo zamani, simu zilipokuwa zimekwisha kupanda milima ya Umatengo lakini hazijajifunza kutafsiri lugha za watu, aliishi huko Mbinga mama mmoja mkulima wa kahawa. Jina lake Eusebia, ila tangu amzae bintiye wa pekee watu walimwita Mama Otilia, naye akalipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Otilia akakua, akaolewa. Akaolewa mbali. Mumewe, Chanda, alikuja Mbinga kuchimba visima, akajifunza Kiswahili kwa kusikiliza tu, na visima vilipokwisha akarudi kwao Zambia akiwa na mke. Mama Otilia hakuwa na neno na Chanda. Shida ilikuwa kwa mkwe wake, mama yake Chanda, ambaye huko Ndola walimwita Bana Chanda. Bana Chanda alijua Kibemba na Kiingereza. Mama Otilia alijua Kimatengo na Kiswahili. Wakipigiana simu, huyu anacheka, yule anacheka, wanacheka mpaka salio linakwisha.

Lakini wakwe hawawezi kuishi kwa kucheka tu. Basi Mama Otilia akajiunga na kundi moja la mtandaoni lililoitwa Kiingereza Bila Aibu. Humo mtu huweka sentensi iliyomshinda, wenzake wakamfungulia. Huyu analeta maneno ya kwenye chupa ya dawa ya mifugo, yule analeta maneno ya mchumba. Mama Otilia aliuliza namna ya kusema "mmeamkaje", akaambiwa. Akauliza namna ya kusema "poleni na kazi", wakabishana kutwa nzima, maana Kiingereza hakina pole ya namna hiyo.

Mimba ya Otilia ilipokuwa kubwa, akahamia kwa mama mkwe wake ajifungulie huko. Kisha simu yake ikanyamaza. Mama anapiga, haipatikani. Anampigia Chanda, haipatikani. Chanda siku hizo alifanya kazi mgodini, chini ya ardhi. Kwa Bana Chanda hakupiga, maana angemwuliza kwa lugha gani? Asubuhi moja, Mama Otilia yuko uani anaanika kahawa, ujumbe ukaingia. Unatoka kwa Bana Chanda. Maneno machache, ya Kiingereza:

"Otilia couldn't be happier. We cannot thank you enough."

Mama Otilia akakaa juu ya gunia. Akayachambua maneno kama anavyochambua kahawa, punje moja moja. Hili la furaha analijua. Hili la kutoweza analijua. La shukrani analijua, na la mwisho ni kutosha. Akayaunga: Otilia hakuweza kuwa na furaha. Hatuwezi kukushukuru. Imetosha.

"Mama yangu!" akasema peke yake. "Wamemkataa mwanangu, na mimba yake tumboni!"

Akaiweka sentensi kwenye kundi. "Ndugu zangu, someni maneno haya ya mkwe wangu. Mwanangu anafukuzwa?"

Wa kwanza kujibu akaandika, "Pole mama, hapo furaha hakuna." Mwingine akaandika, "Imetosha ni imetosha. Kamchukue mtoto wako." Mama Otilia akaanza kumwandikia Bana Chanda kwa Kiswahili, Chanda atamtafsiria.

Katika kundi hilo alikuwamo Bi Somoe, mkaanga samaki wa Kilwa. Aliliona swali akiwa jikoni, kikaango kiko motoni. Kiingereza hakujua, alikuwamo kundini kwa kupenda gumzo. Akampigia Mama Otilia palepale.

"Shoga yangu, hujaniona wala sijakuona. Umemjibu mkweo?"

"Nimekwisha kuandika. Bado kutuma tu."

"Nisomee."

Mama Otilia akamsomea: "Nirudishieni mwanangu. Ukwe wetu umekwisha. Msije kunizika, nami sitakuja kuwazika."

"Yarabi!" Bi Somoe akapiga ukelele. "Usitume hayo!"

"Wamemkataa mwanangu!"

"Unajua, au unadhani?"

"Nimesoma kwa macho yangu."

"Umesoma lugha isiyo yako. Mimi Kiingereza sijui hata cha kuombea maji ya kunywa, siwezi kukwambia maana. Lakini kama una matusi, nitukane mimi. Mimi si mkwe wako, kesho tutacheka. Haya, anza."

Mama Otilia akamtukana kweli. Akalia, akatukana tena. Bi Somoe akawa anaitikia tu, "Ehe, endelea." Kila Mama Otilia aliposema sasa natuma, Bi Somoe alisema bado kidogo. Huku nyuma samaki wa watu wakaungua mpaka moshi ukajaa jikoni.

Wakati huo Mwalimu Lugano wa Tukuyu, aliyefundisha Kiingereza sekondari, alitoka darasani akafungua simu. Akaandika: "Mama Otilia, hongera. Sentensi ya kwanza inasema furaha ya Otilia imejaa mpaka ukingoni, haina pa kuongezeka. Ya pili inasema hata wakushukuru vipi, shukrani zao hazitoshi kulipa ulichowapa. Hapo hakuna anayefukuzwa."

Kundi likamrukia. "Mwalimu, tangu lini hawezi ikawa anaweza?" "Unamdanganya mama wa watu!" Mmoja akataka atolewe kabisa. Mwalimu Lugano hakutoka. Kengele ya kipindi ikalia, hakuondoka. Akaandika: "Mtu akikuonjesha asali ukamwambia siwezi kupata tamu kuliko hii, umeisifu asali au umeilaumu?"

Mama Otilia akasoma, akarudia kusoma. Akayafuta yale maneno ya kuzikana. Lakini moyo haukutulia. Akaandika, "Maana nimeielewa, mwalimu, ahsante. Sasa kama ana furaha kiasi hicho, mbona simu yake imezimwa? Mbona haandiki yeye? Mtu anaweza kuandikiwa maneno mazuri na kumbe mwanawe amelazwa hoi."

Hilo halikuwa swali la Kiingereza tena.

Ndipo akaandika mtu ambaye hajawahi kuandika humo, hodari wa kusoma tu. Aliitwa Taonga, fundi redio wa Tunduma, pale mpakani. Mama yake alikuwa Mbemba, naye alinyonya Kibemba pamoja na maziwa. "Mama, nitumie namba ya mkweo," akaandika. "Nitasema naye kwa lugha yake."

Taonga akamwacha mteja na redio iliyofunguliwa matumbo. Akavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akatafuta laini ya huko, akapiga. Akamsalimu Bana Chanda kwa Kibemba, taratibu, kama mtoto wa nyumbani, akamweleza hofu ya Mama Otilia. Bana Chanda akashangaa. Akasema, kwani mkwe wangu hajui? Akampa Otilia simu.

Ujumbe wa sauti ukafika Mbinga kutoka simu ya Bana Chanda. Mama Otilia akaubonyeza.

"Mama! Ni mimi. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji tulipokuwa tunakimbilia hospitali. Nilijua Chanda amekwambia, na yeye alijua nimekwambia mimi. Nimejifungua, Mama! Msichana. Tuko wazima wote."

Nyuma ya sauti hiyo mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zake zote. Mama Otilia akapiga kigelegele, majirani wakatokea kati ya mibuni, akawasikilizisha kilio hicho mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema kinafanana na cha Otilia alipokuwa mchanga.

Ujumbe wa pili ukafuata. "Mama, kwao jina la mtoto wa kwanza hutolewa na upande wa baba. Lakini mkweo anasema wewe ndiye uliyewapa mimi, basi jina litoke kwako. Jina moja tu, la kuitwa na kuitika. Tunakungojea."

Mama Otilia akajibu bila kufikiri, "Ataitwa jina la mtu aliyenisaidia leo!" Akalitangaza hilo kundini. Ndipo kundi likauliza: yupi?

Bi Somoe akasema, "Mimi sijui maana ya neno hata moja pale. Lakini yale ya kuzikana yangefika Ndola, mngeyafuta kwa kitu gani? Leo pasingekuwa na mkwe wa kukuomba jina."

Mwalimu Lugano akasema, "Bi Somoe, ulimshika asianguke, nakuheshimu kwa hilo. Ila ungemshika mpaka lini? Mama aliuliza maana, na maana ndiyo iliyoyafuta maneno yale. Niliitoa mimi, nikaitetea peke yangu mnanitukana."

Taonga akaandika, "Mwalimu, maana aliipata na bado alikuwa na hofu. Hofu ilikwisha aliposikia sauti ya mwanawe. Mimi ndiye niliyeifuata."

"Uliifuata," Bi Somoe akamrudi, "kwa sababu mkwe alipokea simu yako akiwa hana kinyongo!"

"Na hakuwa na kinyongo kwa sababu hakutumiwa kitu!" akadakia mwingine, na kundi likawaka kwa ubishi na vicheko hata wenye maswali yao wakasahau kuyauliza.

Mama Otilia akasimama uani. Akaita, "Somoe!" kama anayemwita mtoto aje kula. Akaita, "Lugano!" Akaita, "Taonga!" Majina yote yanamfaa msichana, na yote yaliita vizuri hapo kwenye kahawa. Akacheka peke yake. Simu ikalia tena: Otilia, na nyuma yake Bana Chanda anacheka vilevile kama zamani.

"Mama, mtoto anangoja. Tumwite nani?"

Nami nawauliza ninyi mlioketi hapa, na msijibu kwa kunionea haya: ingekuwa ninyi ndio mmeshika simu ile, mtoto yule mngempa jina la nani?