Pimbi, Nyani na Mashine ya Mwanamvua

Hadithi iko mlangoni.
— Na ipite.
Ipite taratibu, wenye nyumba wamekaa chini.
— Ipite taratibu.
Imekuja na nani?
— Imekuja na watu wake.

Basi hapo kale, lakini si kale sana, maana sola zilikuwa zimekwisha kufika, palikuwa na jabali kubwa. Juu kabisa aliishi Nyani, mwenye jabali. Chini, penye nyufa na kivuli, aliishi Pimbi na binti yake mmoja, Mwanamvua.

Mwanamvua alikuwa mgonjwa wa kifua. Wenzake wakipanda mawe, yeye akipanda mawili tu hupumua hii, hii, hii, akakaa. Pimbi akalima dengu misimu miwili, akamnunulia mashine ya michezo, ile mpya inayochezwa popote, ili mtoto apande majabali ya kwenye kioo, kwa kuwa ya kweli yamemshinda. Mtoto akapanda. Akapanda asubuhi, akapanda mchana, akapanda akiwa amelala ubavu. Kisha mvua za vuli zikaja na baridi yake, kifua kikabana, na Mungu akamchukua mja wake Jumatano baada ya adhuhuri. Pimbi akasema, ni wake, amemchukua. Alisema kwa mdomo. Moyo ulikuwa bado uko nyuma, unakuja polepole.

Sasa, mashine ile ilikuwa na kinasa sauti, kitundu kidogo kama cha sindano. Mwanamvua akicheza huku anasema, mashine ilishika maneno yake na picha ya mchezo, ikaviweka kwenye kadi. Kadi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ukucha. Pimbi hakutaka kitu kingine duniani ila kusikia sauti iliyokuwa mle. Lakini siku saba za matanga hakuweza hata kuiwasha. Kila akiishika, aliirudisha.

Na pale jabalini palikuwa na desturi. Mtu akifa, siku ya saba Nyani hushuka kugawa vitu vya marehemu. Vitu hupangwa mkekani viwili viwili. Kikubwa huenda kwa mwenye jabali, kidogo hubaki kwa mfiwa. Nyani alikula kiapo mbele ya wote siku aliyopewa jabali: siku atakayogusa kidogo cha mfiwa, jabali si lake tena. Kwa miaka mingi kiapo hicho hakikumsumbua. Nani alikuwa na haja na vidogo? Kwenye msiba wa Ngiri alipata televisheni, mjane akabaki na rimoti. Kwenye msiba wa Kenge alipata sola, yatima wakabaki na taa.

Siku ya saba ikafika. Nyani akashuka, tapu, tapu, tapu, akaketi mkekani bila kuvua kofia.

"Pole kwa msiba, Bibi Pimbi," akasema, na macho yake yako kwenye vitu.

"Nimekwishapoa, mzee. Karibu."

Pembeni alikuwa Kanga, jirani, aliyekuja kukaa matanga tangu siku ya kwanza. Kanga hakuwa na uwezo wa kunyamaza. "Karibu mzee," naye akasema. "Leo umewahi. Hata chai haijachemka."

"Sikuja kunywa chai. Tuanze."

Wakaanza. Sufuria mbili. "Kikubwa changu, kidogo chako." Mablanketi mawili. "Kikubwa changu, kidogo chako." Ndoo mbili. "Kikubwa changu, kidogo chako." Mwisho mkekani vikabaki vitu viwili: boksi la mashine na kandambili za Mwanamvua.

Pimbi akaona. Boksi ni kubwa, kandambili ni ndogo. Nyani atasema neno lake, ataondoka na boksi, na kadi imo tumboni mwa boksi. Akamwomba Mungu ndani kwa ndani, kisha akasema polepole, kwa kuwa siku hizo hata maneno yalikuwa mazito kuyanyanyua:

"Mzee, kabla hujachukua, sitaki mwanangu adaiwe uwongo na mtu. Wacha nikusomee karatasi ya mashine, ujue unachochukua."

Nyani hakujua kusoma, na hakupenda watu wajue. "Soma," akasema. "Nimesahau miwani."

"Miwani ipi?" akauliza Kanga.

Pimbi akakunjua karatasi. "Imeandikwa, mashine hii ni chotara."

"Chotara wa nani na nani?"

"Wa mkononi na wa mezani. Ukiishika, ni mashine ya mkononi, ina kioo chake cha inchi nane. Ukiiweka kwenye kitako chake, picha inahamia kwenye televisheni, ni mashine ya mezani."

Nyani akakuna kidevu. Televisheni alikuwa nayo. "Kwa hiyo si mashine moja. Ni mbili."

"Karatasi inasema chotara, mzee. Mbili umesema wewe."

"Ni mbili. Na kama ni mbili si kitu kimoja, na kama si kitu kimoja haipangwi na kandambili." Akazisukuma kandambili kwa mguu hadi kwa Pimbi. Akaona ameerevuka. "Ifunguliwe. Vyote vilivyomo vitolewe, vipangwe viwili viwili, nami nichukue kikubwa cha kila viwili. Soma vyote. Usifiche hata kimoja."

"Sitaficha," akasema Pimbi. Wala hakuficha. Alisoma neno kwa neno, na kila alichokisoma alikitoa, akakiweka mkekani watu wote wakione.

Akatoa kitako na chaja. "Kitako kina feni ndani, ya kupoza mashine isichemke. Chaja ni hii, ya kuijaza betri. Betri ikijaa inakaa saa sita."

"Saa sita ni nyingi," akasema Nyani. "Kikubwa changu, kidogo chako." Akavuta kitako. Chaja ikabaki kwa Pimbi.

Akatoa pedi mbili za kuchezea, zilizonasa ubavuni mwa mashine kwa sumaku. Tak, ya kulia ikabanduka. Tak, ya kushoto ikabanduka. Zilikuwa sawa kwa urefu. Nyani akazigeuza, akazipima kwa kiganja, akazinusa.

"Kubwa ni ipi?"

"Imeandikwa, ya kushoto gramu sitini na sita, ya kulia gramu sitini na saba."

"Ya kulia. Kikubwa changu, kidogo chako."

"Kwa gramu moja, mzee?" akauliza Kanga.

"Gramu ni gramu."

Ikabaki mashine yenyewe. Pimbi akaigeuza, akabonyeza ubavuni, tik, kadi ikachomoza. Safari hii hakuirudisha. Akaiweka mkekani, nyeusi, peke yake, mbele ya mashine. Upepo kidogo ungeichukua.

"Na hiki nini?" akauliza Nyani.

"Imeandikwa, kadi ya kumbukumbu."

Nyani akacheka, kwa, kwa, kwa, hadi kofia ikahama. "Kumbukumbu? Kumbukumbu ni za wafiwa, bibi. Mimi sijafiwa na mtu. Nikumbuke nini?" Akabeba mashine. "Kikubwa changu, kidogo chako. Mmeshuhudia?"

"Tumeshuhudia," wakasema majirani.

"Nimeshuhudia vizuri sana," akasema Kanga.

Nyani akapanda juu na mzigo wake, tapu, tapu, tapu. Pimbi akaifunga kadi kwenye ncha ya mtandio, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kesho yake asubuhi Nyani akaiweka mashine kwenye kitako, akawasha televisheni. Vuuu, feni ikazunguka. Ndani ya mashine mlikuwa na mchezo mmoja tu, ule wa kujaribia, mtu mdogo anayepanda mlima; mingine ilikuwa kwenye kadi. Nyani akabonyeza pedi ya kulia. Mtu akaruka. Akabonyeza tena. Akaruka tena. Lakini pedi ya kulia ni ya kuruka, ya kushoto ndiyo ya kutembea. Mtu wa Nyani akaruka palepale, pwa, pwa, pwa, saa nzima. Mlima uko mbele yake, yeye yuko palepale.

Saa sita zikaisha. Kioo kikafifia, kikazimika. Feni ikanyamaza.

Nyani akashuka, kofia mkononi. "Bibi Pimbi, nipe chaja."

"Chaja ni kidogo, mzee. Ni cha mfiwa."

"Niazime."

"Ukikishika umekigusa. Na ukikigusa, watu wa jabali watasemaje?"

"Watasema mengi," akadakia Kanga. "Nitaanza mimi."

Nyani akatazama chaja. Akatazama majirani waliokuwa wanachambua dengu huku wakijifanya hawasikii. Mkono wake ulikuwa mkubwa, ungeweza kuchukua chaja na Pimbi mwenyewe. Akaurudisha.

"Basi tufanyeje?"

"Ilete mashine hapa," akasema Pimbi. "Chaja ikae mkononi mwangu, mimi nitaichomeka. Pedi ya kushoto nitaishika mimi. Kadi nitaiingiza mimi. Hutagusa kidogo hata kimoja. Kiapo chako kitabaki kizima."

Ijumaa ya kwanza Nyani akashuka na mashine, kitako na televisheni mgongoni. Pimbi akachomeka chaja. Nyani akaruka, Pimbi akatembea, wakapanda mlima hadi alasiri. Kisha Nyani akabeba vyote, akapanda navyo, huku anapumua hii, hii, hii.

Ijumaa ya pili ikawa hivyohivyo, na televisheni ikazidi uzito.

Ijumaa ya tatu, alasiri ilipofika, Nyani aliutazama mteremko, akautazama mzigo.

"Mashine yangu naiacha hapa," akasema. "Lakini ni yangu."

"Ni yako, mzee. Nani amesema si yako?"

"Na kitako changu. Na televisheni yangu."

"Vyako vyote. Vimekaa tu."

Nyani akaondoka mikono mitupu, ameridhika.

Pimbi akaswali. Alipomaliza alibaki juu ya mswala muda mrefu. Kisha akafungua ncha ya mtandio, kwa kuwa Ijumaa zote tatu alikuwa akiingiza kadi kwa ajili ya mchezo tu, na mahali pa sauti hakupagusa mbele ya Nyani. Akaingiza kadi, tik. Kanga alikuwa bado yupo.

"Nitoke?" akauliza Kanga.

"Kaa."

Akabonyeza. Kukawa na mlio wa upepo, kikohozi, kisha sauti ya Mwanamvua, karibu sana, kama yuko nyuma ya pazia.

"Mama. Nimefika juu. Njoo uone."

Na kwa mbali, jikoni, sauti ya Pimbi mwenyewe: "Ngoja kwanza, nasonga ugali."

Mwiko ukasikika kwenye sufuria, kwi, kwi, kwi. Kisha Mwanamvua akasema, si kwa kumwambia mtu, "Haya." Kisha basi.

Kanga akachezea unyoya wake. "Ulikwenda kuona?"

"Nilipoepua ugali alikuwa amelala."

Siku hiyo Kanga hakusema neno jingine. Pimbi akabonyeza tena. Na mtoto alipomwita, "Njoo uone," Pimbi akanyanyuka pale alipokaa, akasogea hadi mbele ya kioo, akaona. Mlima wote ulikuwa chini, na mtu mdogo amesimama kileleni.

Funzo la ngano hii ni kwamba kusoma hakuna faida. Nyani hakusoma na mashine ni yake, kitako ni chake, televisheni ni yake. Pimbi alisoma karatasi nzima, akaambulia kichaja, kipedi na kikadi ambacho ukipiga chafya hukioni tena. Basi, ndugu zangu, mkienda kugawa vitu vya marehemu chukueni vikubwa, wala msiwaulize wafiwa wanachokitaka. Na uwongo ni dhambi, msiseme uwongo. Pimbi hakusema hata mmoja, na mtu akikuta neno la uwongo mle, anirudishie.

Mimi nimefika hapa, sauti imechoka.
— Pumzika.
Aliye na msiba Mungu ampe subira.
— Amina.
Na asiye na msiba?
— Akae na aliye nao.