Ukili wa Mwisho wa Mize

Hapo zamani, wala si zamani za majitu na majini, ni zamani hizi ambazo babu zenu walikuwa na redio, palikuwa na msusi wa mikeka, jina lake Mize binti Shaame, wa kijiji cha Mkindoni. Kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna kwa staha, maana mwishoni nitakuuliza wewe.

Mkindoni kila mwanamke husuka. Akiolewa husuka mkeka wa harusi, akijifungua husuka wa mtoto, na akiona siku zake zinakwisha husuka mkeka wa kutandikwa kwenye jeneza lake mwenyewe. Huo wa jeneza una sharti. Msusi huziunganisha kili zote, zile tepe ndefu za ukindu uliosukwa, isipokuwa ukili mmoja, ule wa ukingoni. Huo humpa mtu mmoja tu amshonee, yule anayeona ndiye aliyemfikisha alipofika. Humkabidhi shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, mbele ya watu. Na kila anayeitaka shazia lazima aseme wema alioutenda, kisha aseme alikuwa na nini moyoni alipoutenda. Asiyesema la pili hapewi. Msusi akifa hajamtaja mtu, mkeka wake huchomwa moto, naye huchukuliwa juu ya mkeka wa kuazima. Aibu hiyo wanaiogopa kuliko kufa kwenyewe.

Basi Mize alikuwa na miaka ishirini na mitano, mcheshi, vidole havikamatiki. Siku moja jicho la kushoto likaingia ukungu. Likapona. Baada ya miezi miguu ikafa ganzi, akawa anatembea kama anakanyaga pamba. Ikapona, lakini si yote. Akawa anaangusha chane za ukindu mikononi, anachoka kabla ya adhuhuri, anajikwaa pasipo na kisiki. Watu wakasema amerogwa. Watu wakasema ana shetani. Watu wakasema mvivu! Hilo la uvivu ndilo lililomchoma masikini.

Mumewe Faki, fundi seremala, akampeleka hospitali mjini. Daktari akamgonga magoti, akamwangaza macho, kisha akamvuta Faki pembeni. "Askari wa mwili wake wenyewe wamegeuka," akasema, "wanatafuna ganda la mishipa ya fahamu. Dawa ya kuung'oa ugonjwa huu hatuna. Hesabu miaka kumi."

Faki akarudi kwenye benchi alipomwacha mkewe.

"Kasemaje?" Mize akauliza.

"Kasema utazeeka mpaka unichoshe."

Mize akacheka, na kwa neno lile akaishi. Akashika mimba, akamzaa Zuwena. Akajifunza kusuka ameegemea ukuta. Lakini mwaka wa pili Faki akaoa mke wa pili, Tatu, mjane kijana, mtu wa maneno machache. Mize akalia siku saba, kisha akanyamaza, maana mwenye miguu mizito ataondoka aende wapi? Na tangu juma la kwanza, Tatu akashika kazi. Miguu ikigoma, humgeuza Mize kitandani, humkagua mgongo asije akatoka donda, humkanda, humchemshia maji. Kila siku ya Mungu. Mkindoni wakashika vinywa: ebo, huu uke wenza wa wapi?

Ikaenda hivyo mpaka mwaka wa tisa. Siku hiyo palikuwa na wageni, wakwe wa Chumu, mdogo wake Mize. Chumu akaonyesha mkeka wake. Mize akaushika, akaona ukili umelegea, naye kwa vidole vyake visivyojua kutulia akaufumua pale pale mbele ya wakwe. Jamani! Mkindoni ni afadhali umpige mtu kofi.

Chumu akaunyakua mkeka wake. "Unanifumulia kazi mbele ya wakwe zangu? Wewe unayehesabiwa? Ulipewa miaka kumi, umebakiwa na mmoja! Muulize mumeo, aliniambia mwenyewe akilia!"

Mize akamtazama Faki. Faki akatazama chini.

Sasa sikilizeni kosa ambalo msusi tu angelifanya. Mize hakuuliza swali lolote. Aliagiza ukindu, akaanza kusuka mkeka wa jeneza. Akasuka kutwa, amekaa palepale, hataki kugeuzwa, hataki kukandwa. "Niacheni, nina mwaka mmoja na kazi haijaisha." Miezi mitatu mkeka ukawa tayari, umebaki ukili wa ukingoni, na mgongoni pametoboka donda la kuingia ngumi. Nusura afe kwa kujitayarisha kufa! Homa ndiyo iliyomwamsha. Akasema, "Miaka kumi kasema nani? Nipelekeni aniambie mimi, si mume wangu."

Safari hii walimkuta daktari mwingine, mama mnene mwenye hasira za karibu. Alipoliona lile donda alifoka mpaka wauguzi wakakimbia.

"Miaka kumi? Upuuzi! Wenye maradhi haya wengi wanazeeka. Wanapungukiwa miaka kadhaa kuliko wenzao, ndiyo, sikufichi, lakini si kukatwa ujanani. Na mara nyingi kinachowaua si ugonjwa wenyewe, ni vile vinavyoufuata nyuma. Donda kama hili. Kifua. Mkojo ukiingia usaha. Na kukata tamaa, mama, huko nako kunaua. Ukivichunga hivyo, utazika wengi."

Mize akapona donda, akarudi nyumbani, mkeka ukapachikwa darini. Mwaka wa kumi ukaja, ukapita, naye yupo. Wa ishirini ukaja, ukapita, naye yupo, miguu haimtii tena, mkono mmoja unasuka na mmoja unashikilia. Na kweli alizika wengi. Alimzika aliyemwita mvivu. Alimzika aliyesema amerogwa. Hata yule daktari wa miaka kumi alimtangulia, Mungu amrehemu, hesabu hazikuwa kazi yake.

Mkeka ukakaa darini miaka ishirini na tisa. Mize alipofika miaka sitini na mitatu, masika moja kifua kikambana. Nguvu ya kukohoa ikamwishia. Mganga wa zahanati akasikiliza mapafu, akatikisa kichwa. Mara hii hapakuwa na wa kumficha Mize. "Teremsheni mkeka," akasema. "Niitieni Faki, Chumu na Tatu. Na majirani waje."

Wakaja, wakakaa. Mize akashika shazia kifuani.

Faki akaanza, mzee wa ndevu nyeupe. "Shazia ni yangu, mke wangu. Ningekwambia siku ile kwenye benchi, ungefia njiani. Nilikupa neno la kuishi, ukaliishi. Zuwena huyu hapa, katoka kwenye neno lile."

"Na moyoni ulikuwa na nini?"

Faki akakuna kidevu. "Moyoni nilimwamini daktari. Ndiyo maana nilimuoa Tatu. Mdomoni nakwambia utazeeka, na moyoni nimeshakuzika. Nisamehe, Mize."

Chumu akasogea. "Shazia ni yangu, dada. Mficha maradhi kifo humuumbua. Shemeji alikulaza usingizi, mimi nikakuamsha. Nisingesema, usingekwenda kwa yule mama daktari, usingejua cha kuchunga. Miaka yako yote ya baadaye inatoka kinywani mwangu."

"Na moyoni ulikuwa na nini?"

"Nilitaka uumie," Chumu akasema, machozi yakamtoka. "Ulinifumulia ukili wangu. Nikatafuta neno la kukuvunja, nikalipata. Na uliposuka mkeka huu nilisikia, sikuja. Niliona haya, nikajifungia kwangu miezi mitatu, nikakuacha uoze."

Tatu yuko mlangoni, ameinamisha kichwa.

"Mwenzangu," Mize akamwita, "husemi?"

"Mimi sijui kusema."

"Sema hivyo hivyo."

"Mgongo wako nimeukagua miaka thelathini na sita," Tatu akasema. "Kifua nimekipiga asubuhi mpaka makohozi yatoke. Ukiungua homa nilijua kabla yako. Hao walikupa maneno. Mimi nilikugeuza."

"Na moyoni ulikuwa na nini?"

Tatu akajibu. "Faki aliniposa kwa ahadi. Alisema, mvumilie miaka minane tu, nyumba itakuwa yako. Basi nilikuwa nakukagua nione kama umekaribia. Nikiona wekundu mgongoni, nahesabu. Nikakupaka dawa watu wasinilaumu, lakini nahesabu. Na ile miezi mitatu uliyonikataza kukugusa, mwenzangu, nilikutii upesi mno."

"Ulihesabu mpaka lini?"

"Sijui. Siku moja niliona wekundu nikalia. Sikumbuki ilikuwa mwaka gani."

Zuwena akaanza kulia kwa sauti. Mize hakulia. Alitaka kuwachukia wote watatu, moyo ukakataa. Alitaka kuwapenda sawasawa, nao moyo ukakataa, maana shazia ni moja. Akamtazama mume aliyemzika akiwa hai na kumpa mtoto. Akamtazama mdogo wake aliyetaka kumvunja na kumwokoa. Akaitazama ile mikono ya mke mwenza, imekunjamana, inaujua mwili wake wote kuliko yeye mwenyewe. Kifua kikapiga mluzi. Akainua shazia, watu wakajisogeza wasikie jina.

Hapo nawaachia. Msinitazame mimi, mimi si wa Mkindoni. Wewe wa muwa, nilikwambia nitakuuliza, sasa tema makapi. Kama ungekuwa wewe umelala pale, na pumzi zimebaki za kutaja jina moja tu, ungemtaja nani? Aliyedanganya kwa mapenzi, aliyesema kweli kwa chuki, au aliyekungoja ufe mpaka akasahau anangoja nini? Je, nani alistahili? Jibuni upesi basi, maana kifua cha Mize hakingoji.