Breki za Bi Mwanahamisi

Bi Mwanahamisi wa Mombo alipeleka gari lake kubadilishwa oili. Fundi Shemdoe, ambaye kwake hakuna gari lililokosa ugonjwa, akachungulia uvunguni na kutikisa kichwa.

“Breki zimekwisha, dada. Zinatakiwa mpya zote.”

“Basi nitatafuta pesa nirudi mwisho wa mwezi. Leo nibadilishie oili tu, nampandisha mama yako Lushoto harusini.”

Fundi akachukua tochi, akaingia tena uvunguni, akakawia.

“Nilitazama vibaya. Breki hizi nzima kabisa.”

“Una hakika?”

“Naapa, dada.”

Bi Mwanahamisi akalipia oili, akaondoka.

Jioni fundi akampigia mama yake simu. “Mmefika salama?”

“Tumefika wapi, mwanangu? Mimi niko nyumbani nachambua mchicha.”